Mlima Ndani ya Maji

Merlene Stoddard alikuwa na kinyongo cha miaka, na alikitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza bustani. Hakikuwa kinyongo cha kelele. Kilikaa naye mezani, kikamsindikiza kanisani kila Jumapili, kikarudi naye nyumbani. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: Verl Haycock asimame mbele ya watu wale wale aliomwaibisha mbele yao, aseme kwa kinywa chake kwamba si Merlene aliyetoa siri ya Jicho. Akishasema, Merlene naye alikuwa na la kumjibu. Alikuwa amelinoa muda wote huo. Alishalijaribu mbele ya kioo akisuka nywele zake za mvi, akaona linamkaa vizuri mdomoni.

Jicho lilikuwa dimbwi. Ukilisema hivyo linaonekana dogo, na kweli lilikuwa dogo, upana wa sebule ya watu wa kawaida. Lilikuwa juu ya mwamba mwekundu, kusini mwa Utah, mahali ambapo barabara ya changarawe inakata tamaa na unabaki na miguu yako. Maji yake yalikuwa ya mvua na theluji, hayana mto wala chemchemi, yametulia pale kwenye shimo la jiwe tangu babu wa babu zetu. Usiku usio na mwezi nyota zote zilishuka humo. Watu waliokuwa wanalijua unaweza kuwaweka kwenye gari moja na nafasi ikabaki.

Watu hao walijiita Popo. Kulikuwa na Verl, fundi wa mabasi ya shule aliyestaafu. Merlene, ambaye aliwasafishia filamu wote kwenye kibanda chake cha giza nyuma ya nyumba. Na Dwain na Colleen Esplin, mtu na mkewe, ambao nyumba yao ilikuwa na sebule kubwa na kwa hiyo ndiyo ikawa makao makuu. Wote walikuwa watu wa kamera za filamu pana, zile za mraba, nzito, ambazo huzipeleki usoni. Unaiweka juu ya miguu mitatu, unafungua kifuniko cha juu, unainama kama mtu anayechungulia sufuria, na dunia unaiona pale chini kwenye kioo, kulia imekuwa kushoto na kushoto kulia. Mgeni huchukua muda kuzoea. Verl alikuwa amezoea mpaka ile dunia ya kinyume ikawa ndiyo yake, na hii yetu akawa anaivumilia tu.

Filamu hiyo inatoa picha chache kwa roli moja, kwa hiyo mwenye nayo huwa bahili wa kufyatua na mchoyo wa siri. Popo walikuwa na sheria zao. Hutaji mahali, nyuma ya picha unaandika "Utah, usiku" basi, anayetaka zaidi akaulize malaika. Hukanyagi ule udongo mweusi wenye ukoko, kwa sababu ukivunjika leo mjukuu wako atazeeka kabla haujapona. Na sheria kubwa kuliko zote, hupigi mstari wa milima. Watu wa huku wanaitambua milima kama wanavyotambua pua za shangazi zao. Mwoneshe mtu wa kaunti hii kipande cha mgongo wa mlima, atakwambia umesimama wapi na ulikuwa umegeukia nani. Hasa pale Jichoni, maana mbele yake kulikuwa na Jino la Askofu, kilele chenye pengo katikati kana kwamba kuna daktari wa meno aliyepita. Ukiliona Jino na pengo lake limekaa namna ile, huhitaji kuwa na shahada. Unachukua ramani na rula tu.

Kwa hiyo Jichoni kamera zote zililazwa macho chini. Unapiga maji na ukingo wa mwamba, mbingu unaikuta majini, milima unaiacha huko huko juu. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote na hakuna aliyewafuata.

Mwaka ule mke wa Verl, Donnetta, alifariki wakati wa baridi. Verl akaweka kamera kabatini akawa anakaa jikoni kwake na taa imezimwa. Hakula chakula cha watu, na watu wa kanisani walimletea kingi. Merlene ndiye aliyemtoa mle ndani. Alikwenda akasimama mlangoni na begi la filamu begani akamwambia, "Ndugu Haycock, kama unataka kufa, njoo ufie kwenye kazi." Watu walisema yao, mjane na mgane, unajua watu. Hakukuwa na kitu. Kwa upande wa Verl, hakukuwa na kitu kabisa.

Walifika Jichoni jua likiwa limekwisha kuzama na anga bado ina rangi. Kazi ya usiku kwa filamu huwa hivi: unafyatua mara ya kwanza jioni, ili mwamba upate mwili, kisha huigusi kamera, hata kuipumulia huipumulii, mpaka giza lishike, halafu unafungua tena lenzi juu ya picha ile ile na kuiacha wazi kwa saa nyingi, nyota zijichore. Ukiitikisa katikati, umeharibu zote mbili. Verl akaweka miguu mitatu chini sana, karibu na maji. Merlene akajaza mawe kwenye mfuko wa kuning'iniza chini ya miguu mitatu, ili kamera isiyumbe na upepo, akazunguka mbele kuufunga. Alipoinuka, macho yake yakaanguka kwenye kile kioo cha juu kutoka upande usio wake.

Kutoka upande wa mbele kila kitu kinapinduka tena. Merlene akaona mlima. Jino la Askofu lilikuwa limesimama wima ndani ya kioo, na pengo lake, na anga ya buluu juu yake, zuri na wazi kama kwenye kalenda. Akainua uso, akaligeukia lenyewe huko nyuma yake, akaelewa. Kamera haikuwa imeutazama mlima. Maji yalikuwa yameutazama. Ulikuwa umelala kwenye ukingo wa mbali wa dimbwi, kichwa chini, na Verl kwa upande wake aliuona kichwa chini, tena kulia umekuwa kushoto, akadhani ni kivuli cha mwamba.

"Verl," alisema.

"Sogea, Merlene, unaniziba."

"Kuna kitu—"

"Mwanga unaniishia, dada. Sogea kwanza."

Akasogea. Verl akiwa ameshika waya wa kufyatulia alikuwa hasemeshwi. Hiyo nayo ilikuwa sheria, ingawa hakuna aliyeiandika. Akafyatua. Picha ya kwanza ikaingia, na mlima ndani yake.

Merlene alikusudia kumwambia baadaye. Walikaa chini ya blanketi moja wakisubiri giza, wakanywa supu ya nyanya kutoka kwenye chupa ya joto, na Verl akaanza kuongea. Alimsimulia jinsi Donnetta alivyowahi kumfungia nje ya nyumba kwa sababu alisafisha filamu kwenye sufuria yake ya maharage. Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi, na kicheko kikamtoka kimeshika kutu, akakohoa, akacheka tena. Kumkatiza hapo umwambie kwamba picha yake ya kwanza baada ya kifo haifai? Merlene alishindwa. Alijisemea pengine haitaonekana. Pengine nyota zitaifunika. Alijisemea mengi usiku ule, na ukweli ni kwamba alikuwa na furaha na hakutaka iishe.

Filamu ile hakuletewa yeye kuisafisha. Verl aliipeleka mwenyewe Salt Lake, kwa watu wenye mashine za kutoa picha kubwa, akasema anataka kumshangaza. Mara ya kwanza Merlene kuiona ilikuwa ukutani, kwenye maonyesho ya kaunti, kubwa kama dirisha. Ilikuwa picha bora kuliko zote ambazo Popo waliwahi kupiga. Duara za nyota zilijaa maji, mwamba ulikuwa na joto la jioni, na kule juu, ukingoni mwa dimbwi, kulikuwa na kile cheusi chenye pengo, ambacho watu walikipita kwa macho kama kivuli. Verl alikuwa amevaa tai. Alikuwa amesimama chini ya picha kama bwana harusi.

"Donnetta angeipenda," alimwambia.

"Angeipenda," Merlene akasema, na kingine akakimeza. Nani duniani atakayeigeuza picha juu chini?

Walijitokeza. Picha ilitolewa kwenye kadi za posta, na kadi hukaa kwenye vishikio vyovyote vile, juu chini, chini juu. Kufika masika magari yalikuwa yameshajaa mwisho wa ile barabara ya changarawe. Watu waliogesha mbwa Jichoni. Waliingia na miguu yao iliyopakwa mafuta ya jua. Walichonga majina na mioyo na miaka. Kisha mtu mmoja, ambaye sitamwapiza kwa kuwa Mungu anamjua, aligongomea chuma ukingoni afunge kamba ya kushukia bondeni, jiwe likapasuka, na maji yaliyokuwa yamekaa pale tangu kabla ya wote yakatoka kwa usiku mmoja. Hayajarudi. Mvua ikinyesha yanapita tu.

Popo walikutana kwa akina Esplin wiki ile. Kila mtu alileta chakula chake kama kawaida, viazi vya jibini, jeli ya kijani yenye karoti, mikate ya kukaanga, na hakuna aliyekula. Verl alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Sisi wanne ndio tuliokuwa tunapajua," alisema. "Dwain na Colleen hawajaenda kule tangu mwaka juzi. Mwaka jana tulikwenda wawili. Mimi sijasema."

Merlene akasubiri amalizie.

"Na mtoto wa dada yako," Verl akaendelea, "yule Tate, anapeleka watalii. Alilala kwako Krismasi nzima. Mimi sisemi zaidi."

"Umeshasema," Merlene akamjibu.

Alimtazama Dwain. Dwain alikuwa anatafuta kitu kwenye sahani yake. Akamtazama Colleen, ambaye walijifungua naye watoto wodi moja, na Colleen akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine ilimtoka tu, bila nia mbaya, hutokea. Juu ya kichwa cha Colleen, ukutani pale, ilikuwa nakala ya picha yenyewe kwenye fremu. Kitu cha kufanya kilikuwa kunyoosha mkono, kuitoa kwenye msumari na kuigeuza. Wangenyamaza wote.

Hakuigeuza. Maneno ya Verl yalikuwa yamemkata maini, na ndani ya maumivu yale akapata kiburi kipya ambacho hakuwa nacho. Alitaka aaminiwe bure. Alitaka mmoja wao, mmoja tu, aseme simjui Merlene kuwa mtu wa namna hiyo. Kutoa ushahidi kwa watu uliowasafishia filamu maisha yako yote aliona ni kuomba. Akachukua sahani yake ya viazi, imejaa vile vile, akaenda nyumbani, na kuanzia siku hiyo Popo wakawa watatu.

Miaka ikapita. Tate aliapa kwa simu kwamba hajui hata hilo Jicho ni nini, na Merlene akamwambia asijisumbue. Mjini walisalimiana, huku kila mtu lazima umsalimie, duka ni moja na kanisa ni moja. "Ndugu Haycock." "Dada Stoddard." Basi. Merlene aliendelea kusafisha filamu za watu wa mbali, waliomtumia kwa posta. Hakupanda tena mwamba wowote usiku. Kila alipopata wazo la kusamehe, aliikumbuka ile sebule, na wazo likajiondokea lenyewe.

Halafu Septemba moja, akiwa anapanga chupa za mapichi kwenye meza ya barazani, gari la Verl likaingia uani.

Alishuka kwa vipande, mguu, fimbo, mguu. Kwapani alikuwa na kitu kipana bapa, kimefungwa kwenye mfarishi wa vitambaa. Alikuwa amezeeka kuliko alivyoonekana kanisani, labda kwa sababu kanisani Merlene hakumtazama.

"Umepotea njia, Ndugu Haycock?"

"Sijapotea."

"Maana kwa Esplin ni ile barabara nyingine."

"Najua ilipo, Merlene. Nipe kiti, goti hili limeshanitoroka."

"Kiti kile pale. Miguu ya kukifikia ni yako."

Akakifikia. Akakaa, akaegemeza mzigo wake kwenye ukuta, akahema. Merlene akaendelea kufuta chupa ambazo zilikuwa safi. Hakumpa maji. Katika kaunti ile kumnyima mtu maji mwezi wa Septemba ni tangazo, na wote wawili walilisoma.

"Naishi kwa Kaylynn sasa," Verl akasema. "St. George."

"Nilisikia."

"Binti mzuri. Lakini nyumba ya binti ni nyumba ya binti. Hata rimoti ya televisheni naiomba kama sakramenti."

Merlene alikaribia kucheka. Akajizuia, akamuuliza, "Umekuja kunisimulia rimoti?"

"Hapana." Akaivuta ile picha ya Jicho kutoka kwenye mfarishi, akaigeuza pale pale barazani, juu ikawa chini, akaiegemeza tena. "Nilipohama, mkwe wangu aliishusha hii kwenye gari akaiweka hivi. Yule ni mtu wa matairi, kwake picha ni picha. Nikakaa kitandani nimechoka, nikaitazama, nikasema moyoni, huyu naye kanunua wapi picha ya Jino la Askofu?"

Mlima ulikuwa pale umesimama, na pengo lake, na duara za nyota juu yake.

"Nimeitundika miaka yote hiyo," Verl akasema. "Nimeitazama kila siku ya Mungu. Niliufuta mlima juu nikauacha chini. Mimi ndiye niliyewaonesha njia, Merlene. Nikaipiga, nikaikuza, nikaitundika, nikavaa na tai."

Alikuwa mzee analia kwenye kiti cha plastiki, na Merlene aliona kitu kilichokaa kifuani mwake muda mrefu kinaanza kulegea. Alikuwa amelingoja jambo hili kwa muda mrefu mno, na sasa liko mbele yake, lina fimbo na mafua.

"Nilikupaka matope na wewe msafi," Verl akasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Na si hapa tu. Jumamosi Popo wanakutana kwa Dwain, waliobaki. Nitasimama niseme mbele yao. Nimeshampigia Colleen simu nikamwambia nina neno. Nataka uwepo usikie."

Hapo ndipo mwenye akili angenyamaza. Angesema asante, Verl, angemletea maji, angekwenda ndani kutafuta gauni la Jumamosi. Vyote alivyovitaka vilikuwa vimeshaletwa mpaka barazani, hakuna kilichopungua. Lakini mtu akinoa kisu muda wote huo anataka akione kinakata.

"Nilijua," Merlene akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba mlima umo. Nilijua siku ile ile. Niliuona kwenye kioo cha kamera yako kabla hujafyatua." Akaweka chupa chini. Maneno yalikuja sawasawa kama alivyoyazoeza. "Miaka yote hii nimekaa na ushahidi, Verl Haycock. Mliponisulubu pale sebuleni ulikuwa ukutani juu ya kichwa cha Colleen. Sikuugusa. Nilitaka mniamini mimi, si karatasi."

Kila alipolijaribu mbele ya kioo chake, Verl alikuwa anainamisha kichwa hapo. Barazani hakuinamisha. Aliacha kulia. Alimtazama kama fundi anayesikia mlio kwenye injini na hajajua unatoka wapi.

"Kabla sijafyatua," alisema.

"Kabla. Nilikuambia kuna kitu. Ukanifukuza."

"Nilikufukuza mbele ya lenzi." Alisema polepole. "Halafu tukakaa pale usiku kucha, blanketi moja. Tulimaliza ile supu. Hukumaliza ile sentensi?"

"Ulikuwa unacheka."

"Nini?"

"Ulikuwa unacheka, Verl. Ulikuwa hujacheka tangu Donnetta. Ningeanzaje?"

"Ungesema mlima umo. Ningefunga kamera nikasogea hatua mbili kulia, roli ilikuwa bado imejaa." Akashika fimbo kwa mikono yote miwili. "Na pale kwenye maonyesho? Ulisimama na mimi. Nakumbuka. Ulisema Donnetta angeipenda."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Na wewe ukaitikia. Mlima uko pale, unauona, na mimi mjinga niko chini yake na tai. Fundi wa fremu alikuwa hatua tatu kutoka pale na kisu chake. Upana wa vidole vitatu, Merlene. Angekata vidole vitatu kwa juu na Jicho lingekuwa na maji leo."

"Sikujua kama kuna mtu atakayeigeuza," Merlene akasema. Alisikia sauti yake imepungua.

"Wewe uliigeuza."

Mjusi alipita kwenye ngazi. Merlene alikuwa na mengi ya kumwambia Verl, miaka yote, mengine makali sana, na yote yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye makosa aliyekaa kwenye kiti kile. Hakuwa ameandaa lolote la kusema akiwa yeye ndiye amekaa.

"Nilikuonea huruma," alisema hatimaye.

"Jicho hukulionea." Verl akaanza kuifunga picha kwenye mfarishi. Alikosa fundo, akarudia. "Mimi nilikosa kwa kutoona. Nilikuwa nimezoea dunia iliyogeuzwa, sikuona, na nimekuja kwa goti langu bovu kukiri. Wewe uliona. Ulipokasirika ulikuwa na haki, nilikuonea na hilo sitalikana. Lakini yote ulikuwa nayo mkononi, Merlene. Kwanza Jicho, halafu mimi, halafu na jina lako mwenyewe. Ukakunja ngumi."

"Usinihubirie kwangu."

"Sihubiri. Nimechoka."

Akainuka. Merlene akaona anaondoka, na hofu ambayo hakuitegemea ikamshika, hofu ya mtu anayeona mlango uliofunguliwa kwa shida unarudi polepole.

"Jumamosi," alisema. "Umesema utasimama."

"Nitasimama. Nimeahidi."

"Utasema nini?"

Verl alikuwa amefika ngazi ya kwanza. Akageuka, na usoni mwake hakukuwa na hasira tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hasira ya Verl Merlene alikuwa anaijua jinsi ya kuishi nayo.

"Ukweli," alisema. "Kwamba nilikusingizia. Kwamba Merlene hakumwambia mtu." Akaitafuta ngazi ya pili kwa ncha ya fimbo. "Hata mimi hakuniambia."

Alishuka kwa shida, picha kwapani, akisimama kila baada ya hatua kupumzisha goti. Merlene hakwenda kumshika mkono, na yeye hakuomba.